Hivi kwanini wakulima hawaazimi vitabu vya kilimo? Mke wangu ni mkutubi bondeni Kilombero, nimeona kwa macho yangu

#1 Baba Zai
Salaam wakuu, niende kwenye mada.

Mke wangu ni mkutubi, yuko maktaba moja huko bonde la Kilombero. Mi nipo huku Mbagala na mtoto mkubwa, mdogo yuko nae kule. Mwaka wa tatu huu tunaishi kwa simu na treni. Juzi kati nilienda, ikawa siku ya mvua, nikaona badala ya kukaa ndani peke yangu kama mwari bora nikashinde nae kazini, akanipa tambara nifute vumbi kwenye rafu.

Rafu ya hadithi vitabu vimechakaa mpaka migongo imetoka. Rafu ya maswali na majibu ya mitihani ndo usiseme, ile sio vitabu tena ni mabaki. Nikafika rafu ya 360, ya kilimo. Wakuu, vitabu vipya kabisaa, ukikifungua kinalia kraa kama biskuti. Nikachungulia ile karatasi ya tarehe ya kurudisha, kitabu cha mpunga kimegongwa mhuri mara mbili tu, ya mwisho 2016.

Sasa kule ni mpunga mbele mpunga nyuma, ukitema mate yanaangukia mpunga. Mtu anauza ng'ombe akodi shamba. Halafu kitabu cha mpunga kiko bure kabisa hapo mjini kinaliwa na vumbi. Nikamuuliza mama Zai akacheka tu akasema kaa hapa mwezi mmoja utajua. Mwezi sina, bosi wangu ananijua, ndo nawauliza nyie.

#2 Siti ya Mbele
Nimeweka mkeka, ngoja wajuvi waje.

#3 Ngosha wa Tegeta
Jibu ni rahisi mkuu, mkulima anajua. Babu yangu kalima mpunga wa majaruba Shinyanga tangu hajaoa mpaka anazikwa, hajawahi kushika kitabu na ghala lilikuwa linajaa. Kitabu kitamwambia nini, kwamba mpunga unahitaji maji?

#4 Chausiku M
Ngosha hapana. Angekuwa anajua yote asingekuwa anashinda duka la pembejeo kuuliza dawa ya magugu. Mama yangu yupo Kilosa analima mahindi, kila msimu ananipigia mimi niliyeko Kinondoni nimuangalizie kwenye simu, mimi ambaye hata mchicha wa kwenye ndoo umenifia. Anahitaji kujua, ila haendi maktaba. Swali la baba Zai ni hilo.

#5 Mkweche
Lugha. Nenda kafungue hicho kitabu cha mpunga uone kama sio kizungu kitupu, mpaka mbolea imeandikwa kwa herufi za kemia. Nani ana muda huo katoka kupalilia.

#6 Baba Zai
Mkweche nilifikiria hilo na niliangalia, vya kiingereza ni vingi kweli lakini kama nusu ya rafu ni Kiswahili tena chenye michoro ya mtu ameshika jembe. Na vyenyewe vinalia kraa vilevile.

#7 Kondakta Msomi
Mi nafanya kazi ya daladala miaka kumi na moja sasa, Gerezani hiyo. Nikifika nyumbani ukiniwekea muvi ya mabasi nakuhama. Mtu ametoka kuinama shambani tangu saa kumi na mbili, mgongo unamuwaka, unataka akaazime kitabu asome tena kuhusu kuinama? Anataka hadithi, anataka mapenzi, anataka mauaji asahau jembe. Ndo maana za hadithi migongo imetoka. Uzi umeisha huu.

#8 Siti ya Mbele
😂😂 Kondakta kaufunga kabla haujafika ukurasa wa pili.

#9 Dada wa Kimara
Haujaisha. Baba Zai, maktaba inafunguliwa saa ngapi na kufungwa saa ngapi?

#10 Baba Zai
Saa tatu asubuhi, jioni saa kumi na moja hivi anaanza kufunga madirisha. Jumapili hakuna.

#11 Dada wa Kimara
Basi jibu ndo hilo. Mkulima saa tatu yuko shambani, saa kumi na moja ndo anaosha miguu. Mlitaka aazime saa ngapi? Mimi nilifanya kazi benki wilaya moja ya Iringa, ikifika kipindi cha kupanda ukumbi wa benki unakuwa mtupu unasikia saa ya ukutani, ikifika mavuno foleni mpaka nje. Ofisi zote za mashambani ziko hivyo, msimu ndo bosi.

#12 Shamba Mstaafu
Habari zenu vijana. Nimekuwa bwana shamba mpaka nastaafu, bonde hilo nalijua. Niongeze la kwangu.

Vitabu hivyo tatizo lake ni umri. Mbegu inayolimwa sana bondeni ni SARO 5, kituoni tuliiita TXD 306, imetoka hapohapo kituo cha utafiti Ifakara ambacho siku hizi kiko chini ya TARI, taasisi ya utafiti wa kilimo nchini, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Vitabu vingi ninavyovijua vya Kiswahili vinamhubiria mtu mbegu za miaka ya themanini. Mkulima akifungua kurasa tatu asione jina la mbegu iliyopo kwenye kihenge chake anakifunga. Njoo kwenye mahindi, viwavijeshi vamizi vimeingia nchini 2017, kitabu cha kabla ya hapo kinakuambia habari za viwavijeshi vile vya zamani ambavyo vinakuja kwa makundi na kuondoka, hawa wapya hawaondoki, wanaingia ndani ya moyo wa mhindi wanakaa. Ukifuata kitabu umeliwa.

#13 Ngosha wa Tegeta
Shikamoo mzee. Hiyo SARO ni kifupi cha nini, maana mi nilijua ni jina la mtu.

#14 Shamba Mstaafu
Marahaba. Semi aromatiki, yaani inanukia lakini sio sana. Wala sio mtu 😀 Watu wa mjini mnauziwa kama supa Kyela, ule mchele wa kunukia kweli, na mnakula mnasifia.

#15 Chausiku M
Mzee unatuumiza.

#16 Fundi Saa
Mi naona mnamuonea mkulima. Nendeni pale Maktaba Kuu ya Taifa barabara ya Bibi Titi, ile iliyofunguliwa mwaka tuliopata uhuru, muangalie nani anasoma vitabu vya kilimo. Ni wafanyakazi wa Dar. Kila mwenye kiinua mgongo anasoma kuku wa kienyeji na papai. Yani vitabu vya kilimo vinasomwa na wasiolima, na wanaolima wanasoma mambo ya mjini. Kila mtu anasoma asichonacho.

#17 Mzee wa Kisomo
Fundi Saa rekebisha. Maktaba Kuu alifungua Mwalimu tarehe 9 Desemba 1967, siku ya sherehe za uhuru ndo imekuchanganya, mwaka sio 1961. Na sheria ya kwanza ya huduma za maktaba ni ya 1963, ikaja kubadilishwa 1975 ndo ikawa hii Bodi ya Huduma za Maktaba.

Kwenye mada. Nyie watoto hamkumbuki, mwaka 1970 ulitangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Mi nilikuwa mdogo huko Sengerema, namuona mama anaenda kisomo jioni chini ya mwembe amebeba kibao na mdogo wangu mgongoni. Vijitabu vyao vilikuwa vya kilimo! Pamba bora, mahindi bora, ng'ombe bora, mtu anajifunza a e i o u kupitia pamba. Kanda yetu ya ziwa tulikuwa na gazeti letu la vijijini linaitwa Elimu Haina Mwisho. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya afya ya redioni, Mtu ni Afya, watu wanakaa kikundi na redio moja, kipindi kikiisha wanachimba choo. Wakulima walisoma kilimo, na walisoma kwa kelele. Kwahiyo msiseme mkulima hasomi kilimo, semeni siku hizi anasoma peke yake kwenye chumba kimya. Hilo mkulima hajalizoea. Mambo ya shamba yanajadiliwa.

#18 Mkweche
Hii ya mzee imeniingia. Maktaba ukiongea unaambiwa shhh, sasa utauliziaje habari ya magugu kimyakimya.

#19 Kondakta Msomi
Mzee nakuheshimu ila enzi hizo si mlikuwa mnasukumwa na balozi wa nyumba kumi kwenda kisomo? Tuseme ukweli. Ungewaacha wenyewe wangeenda?

#20 Mzee wa Kisomo
Wengine walisukumwa sikatai. Mama yangu hakusukumwa, alikuwa anataka kusoma barua za baba kutoka Mwadui bila kumpelekea jirani amsomee, maana jirani alikuwa anasoma na anaongezea.

#21 Siti ya Mbele
Jirani anaongezea 😂😂😂 nimekufa.

#22 Mhuri na Wino
Nimetumiwa huu uzi na mtu wa tatu, mume wangu mwenyewe hajaniambia. Habari zenu. Mi ndo mama Zai.

Kwanza, baba Zai, kwa namba tunazopangia vitabu maktaba, kilimo ni 630. Rafu ya 360 ni matatizo ya jamii na ustawi wake, ndo ulipokuwa umesimama wewe na ndo saizi yako. Mpunga wenyewe ni 633.18, kuku 636.5, nyuki 638. Pili, ile karatasi ya tarehe uliyoichungulia ya mwisho 2016 ni kwasababu nilipofika hapa nilikuta hawagongi tena nyuma ya kitabu, tunaandika kwenye rejista. Kwahiyo umewaambia watu hakijaazimwa tangu 2016 wakati hujui. Tatu, vumbi ni la barabara, malori ya mpunga yanapita hapa dirishani, liko hata kwenye hadithi ila ulifuta upande mmoja ukaenda kula mihogo.

Sasa niwaambie nnachokiona mimi ninayekaa hapa.

Asubuhi nafungua, wa kwanza kuingia ni mzee mmoja mstaafu, anasoma gazeti lote mpaka matangazo ya minada, anafuatiwa na vijana wanaorudia mtihani. Saa nane wanakuja wa shule, hapo ndo kelele. Katikati ya hao anaingia mtu na gamba buti zina tope, hasogei ndani, anasimama mlangoni. Ana jani kwenye mfuko wa nailoni. Ananiwekea jani juu ya meza ananiambia madam hii nini. Mimi nimesoma ukutubi pale Bagamoyo, majani sijui. Lakini namtolea kitabu, tunafunua picha wote wawili, anaangalia anasema hii sio, hii sio, hii hapa. Nampigia bwana shamba simu namuelezea. Mtu anaondoka. Hajaazima kitu, kadi hana, kwenye rejista hayupo. Mwezi uliopita nimehesabu kwenye daftari langu pembeni, walikuja kumi na tisa wa namna hiyo. Na waliomo kwenye rejista walioazima 630 ni wanane.

Halafu kuna jambo hamlijui. Kwenye fomu ya uanachama kuna sehemu ya kazi. Hakuna anayeandika mkulima. Dereva wa bodaboda ana ekari tatu anaandika dereva. Mwalimu ana ekari saba anaandika mwalimu. Mama anamtuma mtoto wake wa darasa la sita aje achukue kitabu cha bustani, kadi ya mtoto inasema mwanafunzi. Ukiniuliza wakulima wangapi wameazima mwaka huu nitakujibu hakuna hata mmoja, na wote ni wakulima. Mimi mwenyewe nna ekari mbili za kukodi, kwenye fomu ni mtumishi wa umma.

Mengine nitaandika nikishalaza mtoto.

#23 Chausiku M
Shem karibu sanaa! Baba Zai uko wapi, njoo na 360 yako.

#24 Baba Zai
Nipo. Nilijua hayumo humu.

#25 Kondakta Msomi
Kwahiyo shemeji wewe unaungana na nani? Maana naona kwako wanasoma, wewe ndo hujawaandika.

#26 Mhuri na Wino
Siungani na mtu. Kondakta hata wewe una kipande cha ukweli, akina mama wengi wanachukua hadithi, mmoja aliniambia kabisa nyumbani nalima shambani nalima we unataka nikalime na kitandani. Dada wa Kimara nae masaa anasema kweli ila sio mwaka mzima, mwezi wa nane na wa tisa mpunga umeshauzwa watu wako mjini wamekaa tu na bado rafu ile hawaigusi. Hapo ndo nachoka.

Na vitabu vyangu vya hadithi kuanzia mwezi wa tatu mpaka wa sita sivioni. Muda wa kuazima ni wiki mbili lakini watu wanahamia shambani, familia nzima, wanajenga kibanda na dungu wanakaa huko kuamia ndege. Kweleakwelea wakiingia mpunga ukiwa bado maziwa unabaki na makapi. Sasa mtoto anakaa juu ya dungu kutwa anapiga debe na kurusha mawe, katikati anafanya nini? Anasoma. Namruhusu aongezewe muda kwa simu, akirudi mwezi wa saba kitabu kina matope na punje za mpunga katikati ya kurasa lakini kimerudi. Faini ya kumdai mtoto alikuwa anafukuza ndege sinayo mimi.

#27 Fundi Saa
Hapo kwenye punje katikati ya kurasa si ndo unakaribisha panya shem?

#28 Mhuri na Wino
Panya ni wa jirani, ukuta wa pili ni ghala. Baada ya mavuno wanahamia kwangu wanakula gundi ya migongo ya vitabu. Gundi ya zamani ilikuwa tamu nadhani. Rafu ya chini kabisa mchwa, ya juu joto. Kitabu kina maadui kuliko mpunga, na nimemuomba mume wangu gundi na solotepu kubwa tangu mwezi wa pili.

#29 Siti ya Mbele
Baba Zai unaitwa kwa jina.

#30 Ngosha wa Tegeta
Nirudi kwenye post yangu namba 3, shemeji kathibitisha. Mtu analeta jani moja, anataka jibu moja. Habari nyingine zote anazo. Kwanini aazime kurasa 200 kwa ajili ya jani?

#31 Shamba Mstaafu
Ngosha hapo umerekebisha kauli, mwanzo ulisema anajua yote. Anayejua yote haleti jani. Ila nakubali sehemu, tulipokuwa tunafundisha kilimo shadidi cha mpunga tulimwambia mtu miche michanga ya siku 8 mpaka 12, mmoja kwa shimo, nafasi sentimita 25 kwa 25. Kijitabu tuligawa bure. Nikirudi nakuta kijitabu kimefungiwa tumbaku na miche imepandwa vizuri tu! Nauliza umejuaje, anasema nilienda kuangalia kwa fulani. Wengine wakapanda mitano kwa shimo wakasema mmoja ni roho mbaya 😀

#32 Mkweche
Kwahiyo shamba la jirani ndo maktaba.

#33 Dada wa Kimara
Ila shamba la jirani linakufundisha na makosa ya jirani vilevile.

#34 Chausiku M
Shemeji samahani nitoke kidogo, unawezaje na mtoto, kazi na ekari mbili? Mi na ofisi tu Posta narudi nimekufa.

#35 Mhuri na Wino
Naamka saa kumi na nusu. Kama ni kipindi cha palizi naenda shamba la karibu mpaka saa moja na nusu, narudi naoga namuandaa mtoto, saa mbili na nusu nipo kazini nafagia kabla sijafungua. Mtoto akitoka chekechea anakuja anakaa chini ya meza yangu, anajua mihuri yote, jana kajigonga tarehe kwenye paji la uso kwahiyo anatakiwa kurudishwa baada ya wiki mbili. Jioni tunaenda sokoni. Kubwa linalonichosha ni kuandika, maana hapa mtu akishajua wewe ni wa vitabu basi wewe ndo wa barua zote, maombi ya ajira, barua ya kumkataza mtu asipitishe ng'ombe shambani, mkataba wa kukodi shamba, mpaka barua ya posa nimeandika. Mkataba nasoma kwa sauti mara mbili mbele ya wote wawili kabla hawajasaini, nimejifunza.

Ahsante kwa kuuliza.

#36 Baba Zai
Mseme na upande wangu. Mtumishi ana likizo siku 28. Mwaka jana nimejipanga, nimepaka rangi chumba, nimemwambia bi mkubwa mkweo anakuja. Mwenzangu likizo yote kaenda kuamia ndege. Siku 28 juu ya dungu. Nauli ya treni Dar Moro elfu kumi na tatu ilikuwa haimshindi, ndege ndo walimshinda. Mama yangu mpaka leo anauliza hivi huyo mkeo ameajiriwa na serikali au na mpunga.

#37 Mhuri na Wino
Na huo mpunga ulikula wewe na mama yako mpaka mwezi wa kumi na moja. Gunia nne zilishuka Mbagala, sema.

#38 Baba Zai
Zilishuka tano.

#39 Kondakta Msomi
😂😂😂 Kajimaliza mwenyewe.

#40 Fundi Saa
Nirudishe mada. Shem, hao wanane walioandikwa kuazima 630, waliazima nini hasa?

#41 Mhuri na Wino
Watano tikiti maji na nyanya. Wawili kuku. Mmoja nyuki. Mpunga hakuna.

Na kitabu cha tikiti maji kurasa nne zimechanwa, zile za dawa na nafasi. Simjui nani.

#42 Chausiku M
Aaah! Ona sasa. Mpunga wanaoujua hawasomi, tikiti wasilolijua wanasoma mpaka wanachana. Kwahiyo wanasoma kilimo, ila kilimo cha ugenini.

#43 Ngosha wa Tegeta
Namba 3 jamani. Namba 3.

#44 Mkweche
Namba 3 ilisema kitabu hakina faida, Ngosha usihame na magoli.

#45 Shamba Mstaafu
Chausiku hoja nzuri lakini mpunga hawaujui kama wanavyodhani. Nimeona watu wanaweka urea maji yakiwa yamefurika inasombwa yote, kila mwaka, kizazi kwa kizazi. Ukimwambia anakujibu sisi ndo tulivyokuta. Nyanya hana alichokuta, kwahiyo anauliza.

#46 Dada wa Kimara
Na pesa. Nyanya na tikiti ni mtaji umetoka mfukoni, mbegu kopo moja bei mbaya, ukikosea umelia. Mpunga mbegu katoa kihengeni. Mtu anasoma kwenye kinachomuuma mfukoni.

#47 Mzee wa Kisomo
Bado nasema ni ule ukimya. Mama Zai hebu jaribu kitu, siku ya gulio toa hivyo vitabu nje weka meza chini ya mti uone.

#48 Mhuri na Wino
Mzee nilijaribu mwaka juzi, siku ya gulio, meza mbili. Walikuja wengi kweli na walibishana mpaka raha, mmoja alikuwa anawasomea wenzake kwa sauti, wengine wanamkatalia kitabu mbele ya kitabu. Vitabu viwili havikurudi mezani. Nikaandikiwa niandike maelezo, nikaandika. Sasa natoa meza moja na nakaa nayo mwenyewe.

#49 Kondakta Msomi
Hivyo viwili vilivyopotea vilikuwa vya nini?

#50 Mhuri na Wino
Kimoja mpunga. Kimoja ndoa.

#51 Siti ya Mbele
Kwahiyo kitabu cha mpunga hakiazimwi ila kinaibiwa. Baba Zai umepata jibu au tuendelee?

#52 Baba Zai
Nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuja. Kama kinaibiwa kinatakiwa, kama kinatakiwa mbona kwenye rafu kinalia kraa?

#53 Fundi Saa
Labda kuazima ndo wanaogopa. Kadi, jina, tarehe, faini. Mtu ambaye kila karatasi aliyowahi kusaini ilikuwa ya mkopo wa pembejeo anaiona na hiyo kama mkopo tu. Babu yangu alikuwa hasaini hata daftari la wageni msibani.

#54 Mhuri na Wino
Fundi Saa hilo nalo lipo. Kuna mama alirudisha kitabu na akaniletea na kisado cha mchele, nikamwambia hakuna malipo, akasema najua hakuna, lakini nimekaa nacho sana. Nilikula huo mchele kwa aibu.

#55 Dada wa Kimara
Shem mchele unauza? Nipe kilo kwa bei ya huko niagize na treni.

#56 Chausiku M
Na mimi. SARO ileile isiyonukia sana 😂

#57 Ngosha wa Tegeta
Uzi umegeuka soko la Tandika.

#58 Mhuri na Wino
Kuvuna bado, ndege hawajaisha. Mkitaka muongeeni na baba Zai yeye ndo stoo. Ila aje kwanza na gundi.

#59 Baba Zai
Niko Kariakoo muda huu na nasimama dukani kabisa mbele ya muuzaji. Anauliza gundi gani.

#60 Mhuri na Wino
Nyeupe ya maji ya lita. Usichukue ya viatu kama ile ya mwaka jana.